Marabi, Huntha na Torati

Mwaka 2006 Hebrew Union College, chuo cha Marekani kinachowafunza marabi wa Uyahudi wa Reform, kilimtawaza Elliot Kukla. Kabla yake hakuna mtu aliyejitambulisha waziwazi kuwa transjenda aliyekuwa amepewa urabi chuoni hapo.  Kukla alirudi kwenye vitabu vya kale.

Humo alikuta hoja nyingi. Sura ya nne ya Bikkurim, inayochapishwa katika matoleo mengi ya Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa yapata mwaka 200, inamjadili kwa undani huntha, yaani mtu mwenye maumbile ya kiume na ya kike. Kwa mambo fulani yuko kama mwanamume: huvaa kama wanaume, huoa wala haolewi. Kwa mengine yuko kama mwanamke, hivyo hakai faragha na wanaume. Amuuaye hubeba hatia ileile ya kuua mtu yeyote. Mwishoni Rabi Yose anakataa mizani zote mbili: huyu, anasema, ni kiumbe wa namna yake. Msomaji aliyepitia mirathi katika fiqhi ya Kiislamu ataitambua mijadala ya aina hii.

Midrashi ya Mwanzo, yaani ufafanuzi wa marabi juu ya kitabu hicho, inakwenda mbali zaidi. Rabi Yirmiyah ben Elazar alifundisha kwamba Adamu aliumbwa akiwa wa kiume na wa kike kwa pamoja. Na katika Talmudi, Yevamot 64a, Rabi Ami anadai kwamba Abrahamu na Sara walizaliwa maumbile yao yakiwa hayabainiki.

Ni kweli, marabi hao walikuwa wakizungumzia mwili, si jinsi mtu anavyojitambua moyoni. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufichwa. Hata hivyo walikubali kwamba uumbaji hauishii katika makundi mawili, na kukubali huko kuna uzito.

Mwingine aliyeisoma Torati kwa jicho hili ni Joy Ladin, mshairi aliyefundisha katika Yeshiva University ya New York, taasisi ya Wayahudi wa Kiorthodoksi. Alipojitambulisha kuwa mwanamke aliondolewa darasani. Mwaka 2008 akarejea kufundisha. Katika kitabu chake cha 2018, The Soul of the Stranger, anamsoma Mungu wa Torati kama mgeni anayeishi kambini mwa Israeli bila kuenea katika vipimo vya wanadamu.

Amri ya kutomwonea mgeni, kwa kuwa Israeli nao walikuwa wageni Misri, ndiyo inayoifungamanisha tafsiri hii na siasa za ukombozi. Tarehe 4 Aprili 1969, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa, mwanaharakati Myahudi Arthur Waskow aliongoza karamu ya Pasaka jijini Washington, Wayahudi na Wamarekani weusi wakila pamoja. Kule kutoka Misri kwa Waisraeli kulisomwa kama habari ya wanaokandamizwa leo.

Kumbukumbu la Torati 22:5, linalokataza mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke, bado limo katika Torati, na Wayahudi wengi wa Kiorthodoksi wanalishika. Wana haki ya kubishana. Lakini asiseme mtu kwamba suala hili la jinsia limeletwa jana kutoka nje ya dini, kabla hajafungua Bikkurim akasoma.