Ukichora Mtaa Kisii, Watu Hudhani Unataka Kuubomoa

Jaribu hii siku moja. Toka na daftari na penseli, keti kwa stuli karibu na soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, uanze kuchora. Ukipiga picha na simu, hakuna mtu ana shida. Lakini chora kibanda cha mtu uone. Dakika kumi haziishi kabla hujaulizwa, "Wewe ni wa kaunti? Mnabomoa lini?"

Mimi niliulizwa na mama wa ndizi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha. Nilipoingia kwa historia nikapata yule mama ana haki ya kuogopa penseli.

Mji huu ulianza kama kituo cha serikali ya Waingereza mwaka 1907. Mpaka leo wazee huuita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Mwaka 1908 Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa aliyetawala hapa, na jeshi likaja kuadhibu watu. Baada ya bunduki zikaja karatasi: ramani, mipaka, hesabu ya nyumba ili zilipiwe kodi. Kwa hivyo kwa babu zetu, mtu aliyesimama nje akitazama boma lako huku akiandika hakuwa msanii. Alikuwa serikali. Na bado mstari una uzito huku. Uliza wafanyabiashara wa Keroka, mji mmoja ulio na mpaka wa Kisii na Nyamira, ushuru ni wa nani.

Sasa, wasanii walikuwa wapi?

Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alilipwa na serikali ya kikoloni kuchora makabila ya Kenya. Alichora mamia ya watu, wakiwa wamekaa mbele yake. Kazi safi, siwezi kuidharau. Lakini walivaa mavazi ya jadi na nyuma yao mtaa haupo. Ni kama hakuna aliyewahi kwenda mjini kununua sukari.

Kule Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Alipenda kuwasimulia wanafunzi jambo, kisha wachore walichokiona akilini. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchagga wa Kilimanjaro, alichora migomba na maisha ya kijijini kwao hivyo hivyo, na mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York likachukua picha yake moja. Heshima kubwa. Ila kijiji unaweza kukibeba kichwani. Mtaa hauwezi, maana kesho mtu amehamisha kibanda.

Ndiyo maana nampenda Camille Pissarro. Mwaka 1897 alikodi chumba cha hoteli Paris, akaichora Boulevard Montmartre kutoka dirishani mara kumi na kadhaa: asubuhi, mvua ikinyesha, hata usiku. Macho yalikuwa yanamsumbua, hakuweza kukaa kwa vumbi. Barabara moja tu, na kila picha ni tofauti. Na kwetu Kenya kuna Joseph Bertiers, aliyeanza kwa kuchora mabango ya biashara, kisha akageukia picha zilizojaa watu wa mtaani wakifanya kila aina ya vituko. Nadhani ni kwa sababu mchora mabango tayari yuko nje. Watu wamemzoea.

Sisi Wakisii mikono tunayo. Jiwe la Tabaka linajulikana duniani, na ndege wa amani wa Elkana Ong'esa yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Lakini stendi yetu, mikungu ya ndizi juu ya matatu, boda wamejikunyata chini ya paa mvua ya saa nane ikianza, nani anavichora?

Nilirudi kwa yule mama siku tatu mfululizo, asubuhi, kwa sababu mchana mvua inaharibu rangi. Siku ya tatu nikampa daftari. Akaangalia kwa muda mrefu. "Umesahau mwavuli wa jirani yangu," akasema. "Akiona hii atafikiri nimemfukuza." Nikauongeza mwavuli.

Miezi michache baadaye ile safu iliondolewa ili mtaro upanuliwe. Walipopewa nafasi mpya wakaanza kubishana nani alikuwa anakaa karibu na nani. Mama akanipigia: "Mwanangu, ile picha bado unayo? Nitumie kwa WhatsApp." Picha aliyodhani itamfukuza ndiyo alitaka kushika mkononi akijitetea.

Sijui kama ilimsaidia. Bado wanabishana. Lakini tangu siku hiyo nikiulizwa mimi ni wa nani, najibu ni wa hapa, halafu nageuza daftari waone. Karibu kila mtu hunionyesha kitu nilichosahau.

Kwa hivyo mtu wangu, kama una penseli na uko Keroka, Nyamira au Kisii, toka nje. Anza na kibanda ambacho unaona hakitamaliza mwaka.