Mtunzaji wa Programu Huria: Jina la Kazi na Riziki Yake

Katika zahanati za Mkoa wa Mwanza, kuanzia Ilemela mpaka visiwa vya Ukerewe, wauguzi hujaza rejesta za MTUHA: wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa wa malaria. Takwimu hizo hujumlishwa kila mwezi na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao taarifa za afya za nchi nzima huutegemea. Hakuna aliyelipia leseni ya mfumo huo. Chimbuko lake ni mradi ulioanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ndicho kilichoukuza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake wa muda mrefu. Yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Hiyo ndiyo programu huria.

Istilahi hiyo tumeshaizoea. Anayeiweka programu hai mwaka baada ya mwaka ndiye ambaye hatujakubaliana tumwiteje, na naamini jina lake likikosekana, swali la riziki yake nalo halitaulizwa. Nianze na lile tulilonalo.

Huria si bure

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuutetea. Msingi wake ni haki nne za mtumiaji: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kusoma msimbo wake na kuurekebisha, kugawa nakala, na kugawa hata nakala alizozirekebisha mwenyewe. Neno la Kiingereza alilolichagua lina maana mbili, uhuru na kutolipa, na kwa miaka arobaini watu wa harakati hizo wamekuwa wakieleza kwamba wanakusudia ile ya kwanza.

Kiswahili hakikuhitaji maelezo hayo. Tuna bure na tuna huria, na kila mkazi wa Mwanza anajua tofauti yake hata kama hajawahi kugusa kompyuta. Katika soko huria hakuna anayegawiwa bidhaa pasipo fedha. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, huwatoza wanafunzi wake ada. Uhuria wake ni wa mlango, yaani mfanyakazi au mkulima anaweza kusoma bila kuacha shughuli zake. Kwa upande mwingine, Serikali ilipoondoa ada katika shule zake kuanzia 2016, haikusema elimu huria. Ilisema elimu bila malipo, na mtaani watu wakasema elimu bure. Vijana waliochora ramani za kata zinazofurika Dar es Salaam kuanzia 2015 waliuita mradi wao Ramani Huria, na kila aliyesikia alielewa kuwa ramani hizo ni za kutumiwa na wote.

Kwa hiyo hakuna ubishi kati ya uhuria na bei. Stallman mwenyewe aliendesha maisha yake mwaka 1985 kwa kuuza kanda zenye programu yake ya Emacs kwa dola 150 kila moja, na leseni ya GNU inaruhusu waziwazi kutoza fedha kwa nakala au kwa huduma.

Mwaka 1998 lilizuka jina la pili, ambalo kwetu limefasiriwa chanzo huria, na wengine husema chanzo wazi. Mimi nashikilia programu huria kwa kitu kizima na msimbo huria kwa maandishi yake, kwa sababu chanzo likisimama peke yake humpeleka msikilizaji kwenye chanzo cha ajali au chanzo cha maji.

Manufaa ya uhuria huo tumeyaonja. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux ulioungwa mkono na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Hakuna kampuni iliyoombwa ruhusa, leseni ilishaitoa. Lakini programu ya namna hiyo hubadilika kila mwaka, na kila toleo jipya huja na maneno mapya ya kufasiri na kasoro mpya za kusahihisha. Mradi huwa na tarehe ya kufungwa, ilhali kazi hii haifungwi. Hapo ndipo tunapomhitaji mtu wa pili, na jina lake.

Mtunzi na mtunzaji

Mtu huyo husoma taarifa za kasoro zinazotumwa na watumiaji asiowajua. Huamua marekebisho yapi yaingie na yapi yakataliwe, huziba matundu ya usalama na kutoa matoleo mapya, na huhakikisha kuwa lililofanya kazi jana linafanya kazi leo kwenye simu iliyotoka juzi. Tumwiteje?

Wapo wanaosema msimamizi, lakini msimamizi ana watu chini yake, na wengi wa hawa wako peke yao. Mlezi ni neno zuri, ila mtoto hukua akajitegemea na programu haijitegemei kamwe. Fundi huitwa kitu kikiharibika, akalipwa, akaondoka. Mkarabati hurudisha kilichochakaa, naye huja baada ya uharibifu.

Ninapendekeza mtunzaji. Tuna mtunza bustani na mtunza hazina, watu ambao kazi yao ni kukaa na kitu na kukilinda kisiharibike. Tena Kiswahili kinatupa jozi inayofaa sana: mtunzi ni aliyeibuni programu, mtunzaji ni anayeihifadhi. Mara nyingi si mtu mmoja. Mtunzi hupata sifa siku ya uzinduzi, kisha huenda akahamia jambo jingine, na mzigo ukabaki kwa mtunzaji.

Kitenzi kutunza kina maana nyingine pia, inayojulikana kwa kila aliyehudhuria taarabu au harusi: kumtunza mwimbaji ni kumpa fedha kwa kazi yake nzuri. Kwetu, kuhifadhi na kuzawadia vinakaa ndani ya neno moja. Anayetunza naye hutunzwa.

Asipotunzwa, hatari ni ya wote. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux duniani. Mtunzaji wake, Lasse Collin wa Finland, alikuwa ameibeba kwa hiari kwa miaka mingi. Mwaka 2022 alisema hadharani kuwa nguvu zimempungua na kuwa kazi hiyo hailipwi. Msaidizi aliyejitokeza kwa jina la Jia Tan alijenga uaminifu kwa takriban miaka miwili, kisha akaupandikiza mlango ule. Uchovu wa mtu mmoja ulikaribia kuzifungua kompyuta za dunia.

Riziki hutoka wapi

Kazi ya hiari si ngeni kwa watu wa ziwa. Usukumani vijana wa elika, kikundi cha kulima kwa pamoja, wakiongozwa na nsumba ntale wao, walilima shamba la mtu kwa nyimbo na ngoma, na mwenye shamba aliwalisha. Hiari yao ilikuwa na kanuni: aliyelimiwa alijulikana, na alijua wajibu wake. Katika programu huria mlimaji hamwoni mvunaji. Hospitali, benki na wizara huvuna bila kujua shamba lilikuwa la nani, na ndiyo maana wajibu lazima uandikwe.

Njia ya kwanza ya kuishi ni michango. Kabla ya 2014, OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipokea michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka. Aprili mwaka huo kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ikaishtua dunia, na ndipo makampuni makubwa yakafungua mikoba. Michango ni ile tunzo ya jukwaani: hutoka watu wanaposisimka.

Ya pili ni ruzuku, neno la mzizi mmoja wa Kiarabu na riziki. Programu nyingi za afya katika Afrika Mashariki zimekuzwa nayo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 kwa mahitaji ya kliniki za Eldoret, Kenya, ni mfano mmoja. Lakini Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ya takwimu za afya ikakatika njiani. Ruzuku huanzisha vizuri. Haiwezi kuwa chakula cha kila siku.

Ya tatu ni ajira. Daniel Stenberg wa Sweden, mtunzaji wa curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, tangu miaka ya 1990, aliajiriwa mwaka 2019 na kampuni inayouza msaada wa kitaalamu kwa wanaoitegemea programu hiyo. Programu imebaki huria, naye ana mshahara.

Ya nne ni kuuza huduma, na hii ndiyo ninayoiona karibu zaidi na Mwanza. ODK ni programu ya kujaza dodoso kwenye simu au tableti hata pasipo mtandao, jambo la thamani kubwa kwa mtafiti aliyeko kisiwani. Ilianza 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na majaribio yake ya awali yakafanyika Eldoret. Ilipotoka chuoni, watunzaji wake walianza kuuza huduma ya seva: anayeweza kujisimikia mwenyewe hasumbuliwi, na asiyetaka usumbufu hulipa kila mwezi. Malipo hayo ndiyo yanayoendeleza programu kwa wote wawili.

Mhitimu wa SAUT anayeishi Malimbe au Nyegezi ana LUKU ya kununua, bando la kulipia na kodi ya chumba. Akitunza programu huria inayotumiwa na SACCOS, shule au hospitali za Kanda ya Ziwa, anaweza kuishi kwa kusimika, kufundisha na kukodisha seva. Kinachomwangusha ni namna tenda zetu zinavyoandikwa. Hulipia usimikaji na mafunzo ya siku chache, kisha mfumo hukabidhiwa na tenda hufungwa. Miezi inayofuata, kasoro zinapojitokeza, anapigiwa simu kama ndugu, na kwa kuwa programu ni huria, mteja huona kudai malipo ni aibu kwa mtunzaji. Hapo huria imesomwa kama bure, na gharama yake imehamishiwa kwa kijana mmoja.

Pendekezo

Istilahi ikikubalika, huandikwa. Naliweka hili mbele ya BAKITA, walimu wa TEHAMA na watunga kamusi:

*Mtunzaji wa programu huria:* mtu mwenye wajibu wa kudumu wa kupokea taarifa za kasoro, kupitisha au kukataa marekebisho, kulinda usalama na kutoa matoleo ya programu ambayo watu wote wana haki ya kuitumia, kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Kazi yake ni *utunzaji*, na malipo yake ya kawaida ni *ujira*. *Tunzo* ni nyongeza.

Na kwa halmashauri, hospitali na vyuo vya kanda hii: kila mkataba wa mfumo uwe na kifungu kiitwacho utunzaji, chenye kiasi cha fedha kwa kila mwaka mfumo utakapotumika, na sehemu ya fedha hizo iwafikie wanaotunza programu yenyewe, wawe Oslo, Dar es Salaam au Nyegezi. Fedha ambazo zingelipia leseni hazikutoka. Zinatosha kuanzia hapo.