Sauti Moja na Waitikiaji Wake: Mjadala wa Mwimbaji Bora wa Kiume Ulivyofika Uwanda wa Ufipa

Mjadala kuhusu nani alikuwa mwimbaji bora wa kiume kuliko wote huzungumzwa kana kwamba ni wa tangu na tangu, lakini historia ya muziki katika Ufipa, yaani uwanda wa juu uliotandaa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, inaonyesha kwamba swali lenyewe ni changa. Ili liulizwe, sharti sauti ya mtu mmoja iweze kutenganishwa na sauti za wenzake, ijulikane kwa jina, na isikike tena na tena mahali ambapo mwenye sauti hiyo hajawahi kukanyaga. Mpui, mji mdogo wa Sumbawanga Vijijini ulio kando ya barabara iendayo Laela na Tunduma, ni mahali panapofaa kulifuatilia swali hilo, kwa kuwa haukuwa na reli, wala studio, wala bendi ya dansi iliyotamba nchini. Ulichokuwa nacho ni wasikilizaji.

Kabla ya utawala wa Wajerumani uwanda huu ulikuwa na himaya mbili, Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini, na watu wake walijulikana kwa ufuaji wa chuma katika matanuru marefu ya udongo na kwa ufundi wa masimulizi, ambao mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliukusanya katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1978. Kuhusu uimbaji, Ufipa ilishiriki mtindo uliozoeleka katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kibantu, ambao wimbo hujengwa na pande mbili: kiongozi, ambaye huanzisha na kubadili maneno kadiri ya tukio, na waitikiaji, ambao hurudia kiitikio, yaani kifungu kisichobadilika. Katika mpangilio huo ubora wa kiongozi hauwezi kupimwa peke yake, kwa sababu sauti nzuri isiyoitikiwa hubaki kelele, na mtu anayesifiwa kwa kuongoza vizuri husifiwa kwa namna anavyowaamsha wengine.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta ushindani wa aina nyingine. Kasanga, bandari ya Ufipa kwenye Ziwa Tanganyika, ilikuwa kituo cha Wajerumani kilichoitwa Bismarckburg, na ni kusini kidogo ya uwanda huo, katika mji wa Abercorn ambao leo huitwa Mbala, ambako jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Askari na wapagazi waliotawanyika baada ya vita walichangia kuieneza bara ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani kwa kuiga gwaride, vyeo na tarumbeta za jeshi, na ambayo wafuasi wake waligawanyika katika pande mbili za Marini na Arinoti. Beni iliwazoeza watu wa bara kubishana juu ya nani amemshinda nani katika uimbaji, lakini washindani walikuwa makundi yenye sare na viongozi wake, wala hapakuwa na koo la mtu mmoja lililowekwa kwenye mizani.

Shule kubwa zaidi ya sauti katika Ufipa ilikuwa kanisa. Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadri Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka ukanda wa ziwa walipanda hadi uwandani, ambako Ukatoliki ulikita mizizi kuliko katika sehemu nyingi za nchi. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, Kilatini kilipisha Kiswahili, ngoma na kayamba vikaingia kanisani, na kwaya za vigango zikawa mahali ambapo kijana wa kijijini alijifunza kugawa sauti nne na kusoma nota za solfa, yaani zile zinazoandikwa kwa herufi badala ya mistari mitano. Adabu ya kwaya ni adabu ya kujizuia: mwenye sauti kubwa huambiwa asiwafunike wenzake, na kufunika ni kosa linalorekebishwa katika mazoezi. Neno hilo linafaa kukumbukwa, kwa maana miaka thelathini baadaye vijana wa mjini walilitumia hilohilo kuwa sifa ya juu kabisa ya msanii.

Muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi za magitaa, tarumbeta na ngoma ulioathiriwa kwanza na rumba ya Kuba na kisha na rumba ya Kongo, ulikua katika miji ya pwani na ya njia ya reli: Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Dodoma na Tabora. Klabu za jazi za miji hiyo zilihitaji watu wenye mshahara, ukumbi na umeme, navyo vilikuwa adimu katika Ufipa, ambako tawi la reli lililo karibu zaidi liliishia Mpanda. Kwa hiyo mkazi wa Morogoro angeweza kuwalinganisha wanamuziki kwa macho, akimtazama Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, au akihamia upande wa mahasimu wao, Morogoro Jazz, lakini mkazi wa Mpui aliwajua watu hao kwa njia moja tu, nayo ni redio.

Utangazaji ulianza Tanganyika mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ukawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukawa chini ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, au RTD. Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na redio na betri za chapa ya National zikawa miongoni mwa bidhaa za viwandani zilizoenea vijijini. Chombo hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndicho kilichoamua wasikilizaji wa mbali wasikie nini. Kilikuwa kisanduku chenye spika ndogo, antena iliyorefushwa kwa waya uliofungwa kwenye mti au mwamba wa paa, na betri ambazo zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu za jioni moja zaidi. Katika studio ya RTD bendi nzima ilirekodi kwa pamoja, lakini spika ndogo haiwezi kutoa mlio mzito, hivyo gitaa la besi na ngoma kubwa vilizama, tarumbeta zikasikika kama zinatoka ng'ambo ya bonde, na kilichobaki wazi, hata mawimbi ya masafa mafupi yalipopanda na kushuka, ni sauti ya mwimbaji na gitaa lililoongoza. Bendi ya watu kumi na watano iliingia redioni ikiwa kundi, ikatokea uwandani ikiwa mtu mmoja.

Vipindi vya salamu vilikamilisha kazi hiyo. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaandika jina lake, majina ya ndugu na marafiki anaowasalimu, na wimbo anaoutaka, kisha akaiposti. Mtangazaji alipoisoma, jina la mtumaji lilisimama hewani kando ya jina la mwimbaji. Kadi hizo zilikuwa kura za pole pole, na ni katika kuzisikiliza kwamba watu walianza kutambuana kuwa huyu ni wa Mbaraka Mwinshehe na yule ni wa Marijani Rajabu.

Hapa msamiati unaleta utata wenye faida. Katika Kiswahili cha wanamuziki wa dansi, neno solo halikuwa la mwimbaji, bali la gitaa: gitaa la solo ndilo linalotangulia na kupambanua ghani, gitaa la rithim hujaza katikati, na besi hubeba chini. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, alipopewa lakabu ya Soloist National, vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikisifiwa kwanza. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akasafiri nayo hadi kwenye maonyesho ya kimataifa ya Osaka, Japani, mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na akafariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Wanaompa nafasi ya kwanza hutoa hoja kwamba yeye alijiitikia mwenyewe, kwa maana sauti yake ya wastani, isiyojilazimisha kupanda, iliuliza, na gitaa lake likajibu.

Wanaompinga humtaja Marijani Rajabu, mzaliwa wa Kariakoo wa mwaka 1955, aliyeng'ara na Safari Trippers kabla ya kuiongoza Dar International, na aliyeitwa Jabali la Muziki. Nguvu ya Marijani ilikuwa katika kusimulia: nyimbo kama Masudi na Zuwena ni hadithi zenye wahusika, na matamshi yake yalikuwa safi kiasi kwamba hakuna neno lililopotea hata katika redio mbovu. Alifariki mwaka 1995 bila kuachiwa na nyimbo hizo mali inayolingana na umaarufu wake. Kwa jamii iliyothamini usimulizi, hoja ya upande wake ni nzito, kwa sababu kipimo chake si uzuri wa sauti peke yake, ni uwezo wa sauti hiyo kumfikisha msikilizaji mwisho wa kisa.

Wapo pia wasemao kwamba ushindani wa mtu mmoja mmoja unaupotosha muziki wenyewe. Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimbia NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964, na aliyestaafu mwaka 2013 akiwa ametumikia muziki kwa zaidi ya nusu karne, hutajwa mara nyingi pamoja na Hassani Bitchuka, mwenye sauti nyembamba ya juu. Sauti ya Gurumo ilikuwa nzito na ya kiutu uzima, na uzuri wa kila mmoja ulidhihirika alipokuwa kando ya mwenzake. Anayewatenganisha ili awape alama hufanana na anayepima mchi bila kinu.

Ufipa, hata hivyo, haikuelekea Dar es Salaam tu. Meli ya Liemba, iliyojengwa na Wajerumani na kurejeshwa ziwani na Waingereza mwaka 1927, iliunganisha Kigoma, bandari za Ufipa na Mpulungu ya Zambia, na vijana wa uwandani walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya kusini. Ng'ambo ya ziwa, katika Katanga ya Kongo, Kiswahili kilikuwa lugha ya migodi na ya wimbo, na huko ndiko anakopatikana mgombea ambaye kwa kweli aliimba peke yake. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930, alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mjini Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952, akiwa na gitaa moja lisilo la umeme na sauti yake basi. Hakuwa na bendi ya kumfunika wala ya kumbeba, na wapigaji wa gitaa wa Kenya na nchi jirani walijifunza kwake. Kutoka Kongo hiyohiyo, lakini Kindu, alitoka Remmy Ongala, aliyezaliwa mwaka 1947, akahamia Tanzania mwaka 1978, akaijenga Super Matimila, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 akasikika Ulaya kupitia tamasha la WOMAD. Ukali wa sauti yake, iliyozungumzia kifo na umaskini, ulimfanya aitwe Dokta ingawa hakuwahi kusomea udaktari.

Pwani nayo ilikuwa na jibu lake. Katika taarabu mwimbaji hukaa mbele ya ala akiwa mmoja, na shairi mara nyingi huwa la mtu mwingine. Hivyo Juma Bhalo wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1942 na 2014, alihukumiwa kwa namna alivyolitumikia shairi kwa ghani zenye mvuto wa Kihindi. Kipimo hicho hakikutawala uwandani, lakini kinaonyesha kwamba kila eneo lilimtafuta bora wake kwa mizani yake.

Kanda za kaseti na, kuanzia mwaka 1994, redio binafsi zilivunja ukiritimba wa RTD, na bongo fleva, yaani muziki wa vijana uliochanganya rap, mahadhi ya Kimarekani na ya nyumbani, ulimpa mwimbaji mmoja jina, jalada na jukwaa bila bendi nyuma yake. Ndipo msemo wa kufunika ulipogeuka kuwa sifa. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa katika muongo wa pili wa karne hii, na simu za mkononi zimeifikisha Mpui katika ubishi uleule wa Dar es Salaam kati ya mashabiki wa Ali Kiba, aliyezaliwa mwaka 1986, na wa Diamond Platnumz, aliyezaliwa mwaka 1989, na hoja zinazotolewa ni tuzo na idadi ya watazamaji.

Majina yanayoshindanishwa leo yana jambo moja linaloyaunganisha, nalo ni mkanda. Mbaraka, Marijani, Gurumo na Remmy wamo katika mjadala kwa sababu maikrofoni ya RTD au ya kampuni za sahani za santuri iliwafikia, na nyimbo zao zikahifadhiwa katika maktaba ya redio ya taifa. Kiongozi wa wimbo wa kulima katika mashamba ya ulezi ya Lyangalile, ambaye alikuwa na sauti ya kuamsha watu thelathini kabla ya jua kupanda, hakuwekwa kwenye mkanda wowote. Waliomjua walikuwa waitikiaji wake, na walipokwisha wao, na yeye alitoka kwenye orodha.