Mashua Iliyopita Usui

Mwishoni mwa mwaka jana baba mdogo alinikuta nimekaa chini ya mwembe na daftari langu la riwaya, riwaya ambayo kusema kweli haijavuka sura ya tatu. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, weka hayo makaratasi pembeni. Nataka kununua gari la kuvuta mashua. Wewe uliyefika kidato cha nne, nichagulie."

Nilicheka. Nyabusozi yetu hapa wilayani Biharamulo haina ziwa. Tuna vilima, migomba, mihogo na vumbi. Lakini baba mdogo hakuwa anatania. Yupo fundi kijijini anayeunda mashua za uvuvi, na wanaoziagiza wako mwaloni Nyamirembe, kwenye Ziwa Victoria, sehemu iliyokuwa ndani ya Biharamulo kabla Chato haijawa wilaya yake yenyewe. Mashua ikishapigwa misumari na kukalafatiwa, inabaki kazi moja tu, nayo ni kuifikisha majini. Baba mdogo aliona hapo pana riziki. Na ili apate fedha za gari alitaka kuuza nusu ya kibanja alichoachiwa na babu, tena ile nusu yenye kaburi la bibi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, haikuwa habari ya kujibiwa kwa mzaha. Nikamwomba anipe siku kadhaa. Nilianza kwa kuwauliza madereva, nikaishia kwenye vitabu vya historia, na humo nikakuta kwamba swali la baba mdogo si geni hata kidogo katika nchi hii. Wengi walishaliuliza kabla yake: nani ataivuta mashua juu ya nchi kavu?

Mwezi Desemba 1856 Waingereza wawili, Burton na Speke, walikuja Zanzibar kujiandaa kwenda kutafuta maziwa. Walikuwa na mashua ya chuma iitwayo Louisa, iliyotengenezwa kwa vipande. Wapagazi hawakutosha, Louisa ikaachwa pwani. Walipofika Ujiji ikawabidi kuomba na kukodi mitumbwi, na sehemu kubwa ya Ziwa Tanganyika hawakuiona. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke akaliona Ziwa Victoria upande wa Mwanza, akasimama juu ya kilima na kutamka kwamba hapa ndipo chanzo cha Nile. Hakuwa na chombo cha kulizungukia. Alirudi Ulaya na neno tupu, na wakubwa wakabishana naye mpaka alipofariki mwaka 1864. Ubishi wote huo kwa sababu mashua ilikosa wa kuibeba!

Stanley alijifunza kutokana na kosa hilo. Alipokuja mwaka 1874 alileta mashua yake Lady Alice, ya mbao, urefu futi 40, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vitano. Jina lilikuwa la mchumba wake, Alice Pike, ambaye hakumngoja, akaolewa na mwingine huku jina lake likipita maporini mwetu mabegani mwa watu. Vipande vilipopimwa Zanzibar vilikutwa vizito mno, kila kimoja zaidi ya kilo 120, wakati mpagazi wa kawaida alibeba kama kilo 30. Ikabidi fundi seremala avipunguze na kuviunda upya. Kisha Stanley akachagua wabebaji wake, na hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikamfikiria baba mdogo. Aliwachagua kama mtu achaguavyo gari. Alitaka wenye vifua vipana na miguu imara, akawalipa mshahara mkubwa kuliko wenzao, akawaongezea posho ya chakula, na akawaruhusu kufuatana na wake zao. Alijua kabisa kwamba hao wakianguka, safari imekwisha.

Waliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Waliposhika ufuko wa Ziwa Victoria, kijiji cha Kagehyi, tarehe 27 Februari 1875, nusu ya msafara haikuwapo tena. Wapo waliokufa kwa njaa na maradhi, waliouawa vitani na waliotoroka. Mashua ilifika nzima.

Yaliyotokea baadaye Bumbire yanatuhusu sisi wa Kagera, maana kisiwa hicho kiko Muleba. Tarehe 28 Aprili 1875 Stanley alikaribia ufukweni kutafuta chakula. Watu wa Bumbire wakaishika mashua wakaiburuta hadi nchi kavu pamoja na yeye na mabaharia wake mle ndani. Hebu fikiri: mashua iliyobebwa miezi mitatu na wapagazi, leo inakokotwa na watu wasiolipwa na wasioagizwa na yeyote, isipokuwa hofu yao kwa mgeni mwenye bunduki. Walichukua makasia. Wale mabaharia walipopata upenyo waliisukuma majini, wakang'oa mbao za sakafu wakapigia kasia, huku Stanley akifyatua risasi. Mwezi Agosti alirudi na kundi kubwa la mitumbwi, akawapiga risasi watu wa Bumbire akiwa majini, mbali na mishale yao, akaua makumi. Yeye mwenyewe aliyaandika hayo bila haya. Mimi sitamsifu kwa mashua yake bila kulitaja hilo.

Sasa tuje nyumbani. Mwezi Machi 1876 mashua hiyohiyo ilikuwa Karagwe kwa Rumanyika. Iliteremshwa kwenye ziwa dogo ambalo Speke alilibatiza jina la Windermere, ikashindana na mitumbwi ya wenyeji mbele ya mfalme. Halafu ikaingizwa mto Kagera. Kisha ikafunguliwa vipande, ikabebwa kuelekea kusini, kupitia magharibi ya Usui. Usui ni jina la watu wa misafara kwa nchi ya Wasubi, yaani huku kwetu, Biharamulo na sehemu za Ngara. Ni Usui hii hii ambayo mwaka 1861 mtemi wake Suwarora alimtoza Speke hongo mpaka Speke akalalamika kurasa nyingi. Mashua ikapita, ikafika Ujiji, na tarehe 11 Juni 1876 ikaanza kulizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51.

Shuleni tulifundishwa Stanley. Hakuna aliyetuambia kwamba mashua ilipita kwa miguu nchini mwetu. Niliposoma hilo nilitoka nje nikatazama vilima vyetu upya, nikajaribu kuwaona wale watu wanne wanne chini ya kipande cha mbao, mvua za masika zikinyesha, udongo mwekundu ukiteleza. Na lazima niseme haki: Stanley, pamoja na ukatili wake, aliweka katika kitabu chake cha mwaka 1878 majina ya watu wake waliokufa na ya waliorudi. Nahodha wa mashua, Uledi, tunamjua kwa jina mpaka leo.

Hilo la majina lilinikaa rohoni niliposoma kisa cha pili, cha mwaka 1915. Vita Kuu ilikuwa imeanza, na Wajerumani walilitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, ililetwa kwa reli mpaka Kigoma ikiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000. Ndiyo hiyo iliyokuja kuitwa Liemba. Waingereza wakaamua kupeleka boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya kamanda Spicer-Simson. Zilitoka London mwezi Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume huko Katanga, na hapo reli ikaisha. Mbele yao palikuwa na milima ya Mitumba na zaidi ya kilomita 200 za pori kabla ya kuikuta reli nyingine.

Gari gani livute? Walichagua matrekta mawili ya mvuke, mashine kubwa zinazokula kuni na kunywa maji. Ng'ombe waliongezwa kwa makundi. Madaraja yalijengwa zaidi ya 100, na bado matrekta yalizama na kupinduka. Maji yalipokosekana yale matrekta yalisimama kama punda aliyegoma, na wanawake wa vijiji vya Kongo, wapatao 150, wakatwishwa mitungi kuyaletea maji kutoka mbali. Wiki sita zilipita kabla ya boti kuvuka. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson akapata nishani. Wale wanawake katika vitabu nilivyosoma wanaitwa "wanawake" basi.

Niliposimulia haya jioni, baba mdogo alisikiliza, akapiga funda la chai, akauliza, "Kwani dizeli haikuwepo?"

Nikamwambia injini ilikuwepo, lori halikuwepo. Rudolf Diesel, Mjerumani, aliandikisha wazo lake mwaka 1892 na injini yake ikafanya kazi vizuri mwaka 1897, lakini ilikuwa dude kubwa la kiwandani. Malori ya dizeli yalianza kuonekana Ujerumani mwaka 1923 na 1924. Spicer-Simson aliwahi mno.

Dizeli kwa baba mdogo si jambo la vitabu. Mwezi Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo zaidi ya laki mbili kwa takriban siku moja na kujaa Benaco kule Ngara, malori ya chakula yalimiminika kwetu kuliko wakati wowote. Yeye alikuwa kijana, akapata kazi ya utingo. Alijifunza udereva kwenye matope hayo. Mpaka leo akisikia lori likipanda kilima Nyakahura atakwambia lina gia gani na kama nozeli zimechoka. Alichotaka kwangu, nadhani, ni mtu wa kumwambia kwamba hakosei kuuza kibanja.

Tukafanya jaribio kwanza. Alikodi pikapu ya petroli ya mtu mmoja mjini, ya kupendeza kweli, inang'aa. Tukaifunga tela na mashua juu yake. Kosa la kwanza lilikuwa letu: uzito wa mashua ulikaa nyuma ya ekseli, basi tela likainua mkia wa pikapu na kuanza kuyumba kama mlevi. Tukasimama, tukaisogeza mashua mbele mpaka ndoano ikapata kubeba uzito kidogo, yumbo likaisha. Kosa la pili halikuwa na dawa. Kwenye kilima cha kwanza injini ya petroli ilibidi ikimbizwe mpaka ilie ndipo ipate nguvu. Klachi ikanuka. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu nyingi zaidi mpaka mafuta yanawaka yenyewe bila plagi, na nguvu yake huja mapema, gurudumu likizunguka polepole, pale pale mvutaji anapoihitaji. Sisi tulikuwa na uzuri wa rangi tu.

Mvua ikanyesha. Pikapu ikazama mpaka tumboni. Mwenye mashua aliahidiwa asubuhi, na kijito kilicho mbele kilikuwa kinajaa. Baba mdogo akaita vijana wa kitongoji cha jirani. Tukaingia chini ya mashua, tukaibeba kuvuka bonde, mimi upande wa kushoto, bega limebandukana ngozi, mbele yangu mgongo wa mtu nisiyemjua. Vijana walikuwa 26. Nilijua idadi kwa sababu niliwahesabu tulipoitua. Ng'ambo tulikodi lori la mchanga likamalizia safari.

Mwenye mashua alilipa. Baba mdogo alilipa pikapu, akalipa klachi, akalipa lori la mchanga. Vijana wakapewa soda na ahadi. Wiki mbili baadaye wawili wao walikuja nyumbani, wakakaa barazani kimya, mmoja mkono umefungwa kitambaa. Baba mdogo aliingia ndani hakutoka. Niliona aibu kuliko siku niliyopata matokeo yangu ya mtihani.

Jana nimempa jibu lake. Nimemwambia asitazame Fuso, ni kubwa mno kwa mashua moja na njia zetu. Atafute Land Cruiser ya mkonga, ile yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala ujanja wa kompyuta, fundi wa Biharamulo anaifungua macho yamefumba. Akague kwanza chesisi kama haijachomelewa, aiwashe asubuhi ikiwa baridi na kutazama moshi, asinunue dizeli ya kwenye madumu, maana maji kidogo yakiingia yanaua pampu. Tela liwe na breki zake. Mteremkoni ashuke na gia ile ile ambayo angepandia. Na auze ng'ombe watatu na kukopa kilichobaki, kaburi la bibi libaki letu.

Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, mpaka nilipomfungulia ukurasa wa hesabu. Mstari wa kwanza, kabla ya bei ya gari, nilikuwa nimeandika majina 23 ya wale vijana na kiasi anachodaiwa na kila mmoja. Watatu sijawapata bado.

"Hii nayo ni gari?" akauliza.

Nikanyamaza. Akalichukua daftari, akalisogeza karibu na taa, akaanza kusoma majina kwa sauti, moja moja. Kwenye la tisa alisimama. "Huyu si mtoto wa yule mama wa mnadani? Ndiye aliyeumia mkono?"

"Ndiye, baba."

Akaomba kalamu.