Mwigizaji Aliyewajengea Wengine Jukwaa: Amandina Lihamba na Historia ya Maigizo Tanzania

Historia ya waigizaji wa kike Tanzania husimuliwa kana kwamba ilianza na kanda za video. Wengi huianzia mwaka 2003, ilipotoka filamu ya Girlfriend na kuchangamsha soko lililokuja kuitwa Bongo Movie, kisha hutaja nyota mmoja baada ya mwingine hadi leo. Masimulizi ya namna hiyo huja na kipimo chake: mwigizaji mkubwa ni yule mwenye filamu nyingi na sura inayotambulika sokoni. Kwa kipimo hicho Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, anaonekana mtu wa pembeni, maana filamu zake ni za kuhesabika. Kipimo hicho kina kasoro, na maisha yake yanaianika kasoro hiyo. Lihamba alikuwa mwigizaji, mwandishi wa tamthilia, mwongozaji na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika kazi zote hizo alifuata shabaha moja: mtu aliyezoea kutazama na kusikiliza asimame naye aseme. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba hiyo ndiyo kazi kuu ya mwigizaji katika nchi yetu, na kwamba uzito wake unaonekana vizuri zaidi ukiitazama ukiwa mbali na Dar es Salaam, mahali kama Mwimbi na Sumbawanga, huko Ufipa mkoani Rukwa, ambako studio hazijawahi kuwa jirani.

Tuanze na Ufipa yenyewe, kwa sababu kuna dhana kwamba sanaa ya maonyesho ilipelekwa kwenye uwanda ule kutoka mjini. Masimulizi makuu ya Wafipa yanaikataa dhana hiyo. Inasimuliwa kwamba Ntatakwa, mtawala wa Milansi, alikuwa ametoka kwenda kuwinda pale wanawake wageni walipofika kwake. Mke wake aliwapokea, nao wakakalia kiti cha mtawala. Ntatakwa aliporudi alikuta mamlaka yamekwisha kuhama. Milansi ilibaki na heshima yake ya kimila, lakini nchi ikawa ya Watwa, ukoo wa wanawake hao, na kutokana nao zikatokea tawala mbili za Nkansi na Lyangalile. Kitazame kisa hicho kwa jicho la mtu wa jukwaani. Kuna mlango, kuna kiti, kuna mgeni asiyetaja shida yake, kuna mwenyeji anayebanwa na adabu ya kupokea wageni, na kuna uamuzi mkubwa wa nchi unaopitishwa kwa kitendo cha kukaa tu. Wahusika wanaoendesha kisa hicho ni wanawake, kwa pande zote mbili. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikusanya masimulizi ya Wafipa na mwaka 1978 akachapisha kitabu kizima kuhusu sanaa yao ya usemi. Hata wahunzi wa Ufipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, walilitendea tanuru jipya kama bibi harusi. Watu hawa walikuwa na maonyesho. Walichokosa ni jukwaa la taifa lenye kuyatambua.

Jukwaa hilo lilijengwa taratibu, na kwa muda mrefu lilijengwa na watu waliotaka kuwasemea wengine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu za kuwafundisha wanakijiji kilimo, afya na matumizi ya fedha. Mwaka 1947 Waingereza wa Dar es Salaam walianzisha jumba lao la maigizo kwa ajili ya burudani yao wenyewe, na shuleni maigizo yakawa njia mojawapo ya kumzoesha mwanafunzi Kiingereza. Miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambayo Rashidi Kawawa aliigiza kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Baada ya uhuru mwelekeo ulibadilika lakini tabia ya kusema kutoka juu ilidumu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahimiza wasanii kuieneza siasa ya ujamaa, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikasambaa mashuleni hadi vijijini. Mtoto wa shule ya msingi Ufipa aliweza kusimama mstarini akakariri beti nzuri kabisa, na maneno yote yakawa ya mtu mwingine.

Lihamba alikulia katika kipindi hicho, na cha kumpongeza ni kwamba hakukipuuza wala hakukimeza kizima. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1985, ilichunguza uhusiano wa siasa na maigizo Tanzania tangu Azimio la Arusha hadi mwaka 1984. Ni mwigizaji aliyekaa chini akaichunguza kazi yake mwenyewe: nani anaiagiza, nani anailipia, nani anaitazama. Kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kujibu maswali hayo kwa kalamu. Hawala ya Fedha, tamthilia yake iliyotoka mwaka 1980, ilichukua kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal, cha mtu asiyejua kusoma anayetumiwa fedha kutoka ng'ambo kisha akazungushwa na maofisi na wajanja hadi fedha zenyewe zikampotea. Kukichagua kisa hicho katika Tanzania ya wakati ule, nchi ya foleni, mihuri na barua za utambulisho, lilikuwa tendo la ujasiri, kwa sababu kilimweka jukwaani mwananchi anayeonewa na ofisi zilizosemwa kuwa zake. Mwaka 1982 ikachapishwa Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu walishika historia ya ukombozi wa nchi wakaiandika kwa ajili ya jukwaa, wakati ambapo historia hiyo ilikuwa ikihutubiwa zaidi na wanaume.

Kwenye filamu alionekana mara chache, na kila mara kwa uzito. Mwaka 1985 aliigiza katika Arusi ya Mariamu, filamu fupi iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill, inayomhusu mwanamke mgonjwa aliyenaswa kati ya hospitali na mganga wa jadi. Kazi yake inayojulikana zaidi ni Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mulvihill, ambayo Tanzania iliiwasilisha mwaka 2001 kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yetu kufanya hivyo, na miaka 21 ikapita kabla ya Vuta N'kuvute kuifuata mwaka 2022. Katika Maangamizi Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ambaye ameacha kusema. Daktari wake, aliyeigizwa na BarbaraO, ni Mmarekani mweusi aliyekuja Afrika na elimu yake na maswali yake. Nafasi hiyo inamnyang'anya mwigizaji silaha ambayo wengi huitegemea, yaani maneno. Kilichobaki ni jinsi anavyoyakwepa macho ya daktari, jinsi mabega yanavyojikunja akiguswa, na pumzi inayobadilika pale mzimu wa bibi unapokaribia, bibi ambaye Samehe humwona na daktari haamini kuwa yupo. Mtazamaji analazimika kuusoma mwili kama ushahidi wa mambo yaliyotendwa zamani. Mwigizaji aliyetumia maisha yake kuwasaidia wanawake waseme ndiye aliyefaa kuonyesha ukimya unavyotengenezwa, na mateso yanayoujenga.

Hata hivyo kazi iliyofika mbali zaidi haikuhitaji kamera. Mwaka 1982 na 1983 Lihamba, Penina Mlama (ndiye Penina Muhando aliyetajwa juu) na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi Malya, wilayani Kwimba, kwa namna ya maigizo ambayo haikuanza na mswada. Wanakijiji wenyewe walitaja yanayowasumbua, likiwemo suala la wasichana kupata mimba wakiwa bado wadogo, wakayachambua, wakayatengenezea michezo na ngoma kwa mitindo ya kwao, wakaonyeshana, na baada ya onyesho wakajadili la kufanya. Mbinu hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa mradi wa Tuseme mwaka 1996, ulioanzishwa na Mlama na Lihamba kwa ajili ya wasichana wa sekondari. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Wasichana hukaa peke yao kwanza, wakataja kinachowakwamisha shuleni: kazi za nyumbani zinazowaelemea, lugha chafu za wavulana, mwalimu anayewataka kimapenzi. Kisha hugeuza mambo hayo kuwa igizo, wakaliigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Msichana ambaye angeogopa kumshtaki mwalimu ofisini anapata mhusika wa kumwazima sauti, na mkuu wa shule aliyeketi mstari wa mbele hawezi kudai kuwa hajasikia. Baadaye mradi ulivuka mipaka na kuenea katika nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, shirika la wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana, ambalo Mlama alikuja kuliongoza.

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili kujibiwa moja moja. Ya kwanza inasema kwamba yote haya yalikuwa mambo ya wasomi wa Mlimani, yaani wa chuo kikuu, na kwamba Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974 na ambao kwa miongo mingi ulifikiwa kwa barabara ya vumbi kutoka Tunduma, haukuguswa. Ni kweli kwamba wasomi walikwenda zaidi mahali palipofikika, na kwamba mkoa wa pembezoni ulichelewa kupata mengi. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho, inaipa nguvu mbinu ya Lihamba badala ya kuidhoofisha. Sanaa inayotegemea ukumbi, umeme na wasambazaji ndiyo inayofika Mwimbi mwisho, na ikifika inakuta watu wa kutazama tu. Sanaa inayoanza na watu waliopo, lugha waliyonayo na uwanja wa shule inaweza kuanzia Mwimbi kwenyewe, na watu waliorithi kisa cha Milansi hawahitaji mgeni wa kuwafundisha kuwa kitendo kidogo mbele ya watu kinaweza kugeuza mambo makubwa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba maigizo ya maendeleo yaliitumikisha sanaa, yakaifanya gari la kubebea ujumbe wa serikali na wafadhili, na kwamba sanaa inayofundisha kila siku hukauka. Hatari hiyo ipo, na yeyote aliyewahi kutazama igizo la kampeni lililoandikwa na ofisi anaijua. Lakini tofauti kubwa iko katika swali la nani ameandika ujumbe. Ngonjera ya kukariri na igizo la kampeni huja na jibu mkononi. Wasichana wa Tuseme huanza na shida yao, na jibu wanalitafuta hadharani pamoja na watazamaji. Tena ustadi hauwezi kuwekwa kando hapo, kwa sababu onyesho bovu halimwamshi mkuu wa shule aliyezoea hotuba. Mtu aliyeweza kumbeba Samehe bila maneno alijua vyema kwamba ukweli ukiigizwa vibaya hugeuka kelele.

Hoja ya tatu ni ya wapenzi wa Bongo Movie: kwamba waigizaji wa video waliwafikia watu wengi kuliko profesa yeyote, na kwamba vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video vijijini, vilifanya kazi ambayo chuo kikuu hakikuifanya. Hilo ni sahihi na lisemwe waziwazi. Waigizaji hao waliwapa Watanzania sura zao na Kiswahili chao kwenye kioo kilichokuwa kimejaa filamu za kutoka India, China, Marekani na Nigeria, na wanawake wengi walijipatia riziki na jina kwa kazi hiyo. Ila kufikiwa na filamu na kupata nafasi ya kusema ni mambo mawili. Kibanda kinampa msichana wa Matai au Laela nyota wa kumpenda. Onyesho la shule linampa nafasi ya kutaja kinachomtesa yeye, kwa jina la mahali pake. Nchi inahitaji vyote viwili, na kosa ni kuandika historia inayohesabu cha kwanza peke yake kwa sababu kina bei dukani.

Tukikubali kipimo hiki kipya, mengi yanabadilika katika namna tunavyoitunza historia ya sanaa. Orodha ya filamu itabaki, na Maangamizi itabaki mahali pa heshima ndani yake. Pembeni yake itabidi tuandike historia ya michezo ya vijijini, ya vikundi vya wasichana mashuleni, ya mitindo ya kusimulia ya Ufipa na ya kwingineko ambayo haijawahi kupata tuzo wala tangazo. Maofisa utamaduni wa mikoa kama Rukwa wana kazi ya kufanya hapa: kurekodi masimulizi kwa Kifipa na Kiswahili wakati wasimulizi wangali hai, na kuyarudisha shuleni kama malighafi ya maigizo mapya yatakayotungwa na wanafunzi wenyewe. Kazi hiyo haingoji studio ijengwe Sumbawanga. Amandina Lihamba alithibitisha, kwa zaidi ya miaka 40 ya kuigiza, kuandika na kufundisha, kwamba mwigizaji mmoja aliyeielewa kazi yake anaweza kuzalisha wasemaji wengi kuliko watazamaji, na hao ndio wanaopaswa kuhesabiwa tunapouliza alikuwa mkubwa kiasi gani.