Nyumba 700,000, kibao kimoja na mlango wa nyanya

Kimya changu kimekuwa kirefu, nisameheni, kazi ilinikaba koo. Leo sina programu ya kuwaonyesha. Nataka tuongee kuhusu picha za nyumba, tena nyumba za kawaida kabisa, zile unazopita kila asubuhi ukienda steji wala huzitazami.

Nyanya yangu aliishi Kaloleni, hapa Nairobi, karibu na Jogoo Road (enzi za mkoloni iliitwa Doonholm Road). Mtaa huu ulijengwa na baraza la manispaa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano ndio waliotumiwa kuujenga. Nyumba za mawe, paa za vigae, miti, na ukumbi ambao wenyeji waliubandika jina House of Commons kwa jinsi siasa zilivyochemka humo.

Mwaka wa 2019 nilizunguka mtaa huo na simu nikapiga picha kama mia mbili: duka, mfereji wa maji, kinyozi, ukumbi, milango. Wiki chache baadaye simu ikanyakuliwa dirishani mwa matatu. Ndiyo, mimi mwenye digrii ya kompyuta sikuwa na nakala. Zilibaki zile chache nilizowatumia binamu zangu kwa programu ya ujumbe, na programu yenyewe hubana picha na kufuta maelezo yaliyofichwa ndani ya faili. Maelezo hayo yanaitwa Exif, kiwango kilichotoka Japani mwaka wa 1995: saa ya picha, aina ya kamera, na kama GPS imewashwa, mahali uliposimama. Kwangu yote yalikuwa yamefutika.

Nyanya alifariki mwaka wa 2021. Tulipozitoa picha tukakuta tatu za milango inayofanana kama mapacha. Mama akasema ni huu wa kwanza. Mjomba akasema ni wa pili. Walibishana hadi chai ikapoa, na mimi mpiga picha sikuwa na la kusema.

Hapo ndipo nilianza kusoma jinsi wengine walivyofanya, nikakutana na kazi ambayo bado inanishangaza. Kati ya 1939 na 1941, idara ya kodi ya jiji la New York, ikisaidiwa na WPA, ule mradi wa serikali ya Roosevelt wa kuwapa watu kazi, ilipiga picha karibu kila jengo katika jiji zima. Picha zaidi ya 700,000, kwa filamu! Si Empire State tu, bali hata kibanda cha fundi viatu. Lengo lilikuwa kukadiria thamani ya kila nyumba ili itozwe kodi inayostahili (kodi ya serikali, waandishi wa programu msichanganyikiwe).

Lakini tazama walivyopanga data yao. Katika picha nyingi kuna kibao mbele ya jengo, na juu yake namba mbili: ya kitalu na ya kiwanja. Ukiongeza jina la wilaya unapata kitambulisho ambacho hakijirudii popote jijini. Sisi wa hifadhidata tunaujua mchezo huu, ila wao walicheza kabla ya hifadhidata za kompyuta kuwepo. Tena kitambulisho kiko ndani ya picha yenyewe. Bana faili, badilisha jina lake, ichapishe kwenye karatasi, kibao bado kinaonekana. Mtaa unaweza kubadilishwa jina, kama Delamere Avenue ilivyogeuka Kenyatta Avenue, na kibao hakijali. Miaka ya 1980 jiji lilirudia zoezi hilo kwa rangi, likahifadhi picha kwenye diski za video za leza, teknolojia ambayo leo kumpata mwenye mashine yake ni bahati. Zile za zamani za filamu zilitunzwa, na mwaka wa 2018 zikawekwa kwenye mtandao kwa ubora mzuri. Mwenye anwani anatafuta, anaona nyumba ya babu yake.

Kuna wengine. Ed Ruscha alifunga kamera kwenye gari, na mwaka wa 1966 akatoa kitabu cha kila jengo la kipande kimoja cha barabara ya Sunset, Los Angeles. Mfano wa Street View kabla ya Street View, iliyoanza mwaka wa 2007. Na nyuma zaidi, miaka ya 1860, jiji la Paris lilimwajiri Charles Marville kupiga picha vichochoro ambavyo Haussmann alikuwa anavibomoa. Thomas Annan alifanya kazi kama hiyo Glasgow kuanzia 1868, katika mitaa ya maskini iliyotengwa kusafishwa.

Umeona? Mara nyingi, anayeagiza picha za nyumba za watu wa kawaida ni mtoza kodi au mbomoaji. Hili sikulisoma popote, niliambiwa Kaloleni niliporudi mwaka jana, safari hii na kibao cha mbao, chaki, na namba ya kila nyumba. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na mita kadhaa Kaloleni ni mlango wa jirani. Mzee mmoja aliyeketi kivulini aliniita.

"Kijana, umetumwa na kanjo?"

"Hapana, mzee. Nyanya yangu alikuwa akikaa hapa."

"Na hiyo namba unaandikia nani?"

Swali halali. Nyumba za zamani za Pangani zimeshabomolewa, maghorofa yamesimama mahali pake, na mipango ya kujenga upya mitaa ya Eastlands imezungumzwa miaka mingi. Mtu akiona mlango wake unapewa namba ana haki ya kushtuka. Niliketi nikamweleza yote, hadi simu kuibwa. Akacheka. Kisha akauliza nyanya alikuwa mama nani, nikamtajia jina la mjomba.

"Kumbe wewe ni wa huyo! Njoo."

Alinipeleka polepole na mkongojo wake hadi kwenye mlango ambao sasa umepakwa rangi ya samawati. Chini, upande wa kushoto, kulikuwa na kiraka cha saruji kama umbo la kiatu. Nikafungua zile picha tatu. Kiraka kilikuwa kwenye ya pili.

Nimeandika namba kwa chaki, nikapiga, nikahifadhi nakala mahali patatu. Mzee alikataa mlango wake upigwe, kwa hiyo safu yake ni tupu. Mjomba naye ananitumia ile picha ya pili kila Jumapili, bila neno lolote.