Kiunga, Si "Bustani ya Jamii"

Kibao kimesimikwa bondeni mtaani kwetu, Dar es Salaam, rangi haijakauka vizuri: "Bustani Endelevu ya Jamii". Chini yake mama mmoja anamwagilia matembele kwa kopo la rangi lililotobolewa kwa msumari. Nikamwuliza hapa panaitwaje.

"Hapa, mzee? Kwenye mchicha."

Jambo lenyewe silielezi. Nani hajaona majirani wakigawana matuta? Kinachonikera ni jina. "Endelevu" ni nini kwa mchicha, unaosiwa leo na kung'olewa baada ya wiki tatu? "Jamii" tulilitoa kwenye Kiarabu cha kukusanya, tukalitumikisha hadi likachoka: ustawi wa jamii, huduma za jamii, na sasa bamia za jamii. Na "bustani" asili yake Kiajemi: bo, harufu nzuri, na stan, mahali. Mahali pa kunukia! Aliyebuni kibao kile hajapita hapo asubuhi samadi ya kuku ikimwagwa.

Neno tunalo: kiunga. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalipa maana mbili, shamba la matunda karibu na mji, na pembezoni mwa mji penyewe. Mji na shamba ndani ya neno moja. Kamati gani ingebuni hivyo? Nami nasikia humo kitenzi kuunga: mji umeungwa na shamba, jirani ameungwa na jirani. Yupo mwenzangu atakayesema hiyo ni etimolojia ya barazani, na kwamba viunga leo ni vitongoji tu. Mwenzangu huyo ndiye anayetulazimisha kuandika "kilimo-miji", neno lenye kistariko kama kiraka cha suruali. Atasema tena kwamba kiunga kilikuwa cha miembe na michungwa, si cha mboga. Sawa. Na ndege alikuwa na manyoya kabla hajawa na injini.

Matumizi ni mepesi: kiunga cha mtaa, na ndani yake kila mwanachama na ngwe yake, yaani kipande alichopimiwa kulima. Hata gunia la Kibera, lililotobolewa ubavuni likachomekwa miche ya sukuma wiki, ni ngwe ya mtu.

Haya yote niliyaandika kurasa nne, nikayapeleka kwenye kamati moja ambayo sitaitaja. Nikajibiwa kwamba pendekezo "limepokelewa". Kijitabu chao cha istilahi kilipotoka nilikifungua kwenye herufi B kwanza, maana nawajua. "Bustani ya jamii" ilikuwepo, imenona. Kwenye K, kiunga kilipewa mstari mmoja, na mbele yake mabano: la kizamani.

Juzi nilirudi bondeni, nikamwambia yule mama neno langu. Alilitamka mara moja, polepole, "kiunga", kisha akaniuliza kama nachukua fungu la mia tano au la elfu.